Sahani ya Nyamizi

Treni ilitakiwa kufika Bukene kabla ya mapambazuko. Ilifika saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali, na abiria wa daraja la tatu walikuwa na njaa ya kutafuta ugomvi. Mzee Benjamini hakugombana na mtu. Alikuwa amekaa dirishani tangu Tabora, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, mkoba wa ngozi mapajani, na muda wote huo alikuwa akimfundisha kijana aliyekaa mbele yake, ingawa kijana mwenyewe hakuomba kufundishwa.

"Babu yake baba yangu," alisema, "alitembea kutoka Unyanyembe mpaka pwani, pembe ya ndovu begani. Mara tatu. Na misafara ile haikuwa ya watu wazima peke yao. Watoto walikuwemo, wa miaka minane, tisa, wamebeba sufuria na mikeka ya baba zao."

"Duh! Leo wangekamatwa hao," kijana alisema. Aliitwa Lukumani, alikuwa na duka la vitambaa Tabora mjini, na alikuwa akitafuna karanga moja moja ili zisiishe upesi.

"Ndicho ninachokueleza. Leo mtoto wa Kinyamwezi habebi mzigo wa mtu. Anabeba daftari. Mimi hapa ni mwenyekiti wa kamati ya shule kijijini kwetu, upande wa Sikonge, mwaka wa sita sasa. Mzazi akimweka mtoto machungani, namfikisha kwa mtendaji. Sichagui. Mwaka jana nilimpeleka jirani yangu, Mathias, mtu tunayechota maji kisima kimoja. Alipigwa faini, akauza mbuzi."

"Hakukununia, mzee?"

"Mpaka leo hanisalimii. Lakini mwanawe anasoma."

Lukumani akamtazama mzee kwa namna ya kutojua kama amsifu au amwonee huruma Mathias. Mzee hakuiona sura ile. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho kabisa, na la kushoto lilimwonyesha watu kama nguo zilizoanikwa nyuma ya moshi. Ndiyo sababu ya safari. Mwanza palikuwa na daktari aliyempangia siku ya upasuaji, kesho yake saa mbili, na fedha za kazi hiyo mkewe Recheli alikuwa amezishonea ndani ya bitana ya koti.

"Hapa Bukene nina mjukuu," mzee aliendelea. "Yuko kwa dada yangu Tekla, mwaka wa pili huu. Mwanangu Eliya, babake, aliingia machimboni huko Nzega, akasahau kama ana mtoto. Kwetu shule iko mbali na nyumba, na hapa iko mlangoni. Yuko darasa la tano. Amekuwa wa nne kati ya watoto tisini."

"Mashallah. Mwite basi aje akuamkie dirishani."

"Saa hizi?" Mzee akanyoosha mgongo. "Saa hizi yuko darasani. Nitashuka nikirudi, nikiwa na macho ya kumtazama. Yule ni mama yangu, bwana. Nilimpa jina la mama yangu mzazi, Nyamizi. Basi mimi namwita mama, na yeye ananiita mwanangu. Kila Jumapili kwenye simu ananiuliza, 'Mwanangu, umeoga? Umekula?' Mtoto mtundu!"

Akacheka peke yake. Ndani ya mkoba alikuwa amembebea mkebe wa hisabati, mpya, wenye rula, bikari na penseli iliyochongwa kiwandani.

Treni ikasimama kwa kishindo. Nje zikapanda sauti za watoto, nyingi, zikigongana: "Wali kuku! Wali kuku wa moto! Maji! Mayai ya kuchemsha, anko, mayai!" Vichwa vidogo vyenye beseni na masinia vilipita chini ya madirisha. Abiria waliinama, wakachagua, wakapunguziana bei na watoto kama wanaopunguziana na watu wazima.

Mmoja alisimama chini ya dirisha la Mzee Benjamini. Huyu hakupiga kelele. Alisimama tu kwa kitambo, kama aliyesahau kilichomleta.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Wali wako bei gani?"

"Elfu mbili."

"Elfu mbili! Kwa shingo ya kuku?"

"Muulize huyo kuku alikufa lini," Lukumani akadakia, na watu wakacheka. Mtoto hakucheka. Aliinua sahani ya bati kwa mikono miwili mpaka ikafika ukingo wa dirisha.

Mzee akaipokea. Kisha sauti yake ya mikutanoni ikamtoka yenyewe. "Na wewe, binti, leo Jumatano, mbona hauko shuleni?"

Mtoto akarekebisha beseni kichwani.

"Nazungumza na wewe. Jina lako nani? Mzazi wako nani?"

"Kula, mzee," mtoto alisema. "Treni haikai."

Akala. Desturi ya pale ilikuwa hiyo: abiria hula upesi, kisha hurudisha sahani na hela kwa pamoja, na mtoto husubiri chini huku akitazama mbele kwenye injini. Chini ya wali mzee hakukuta shingo. Alikuta paja zima, nono, na kipande cha bawa juu yake. Akafurahi. Akamwambia Lukumani kwamba ukiongea na mtu kwa heshima, anakupimia vizuri.

Honi ikalia, na behewa likajivuta kabla hajamaliza kulamba vidole.

"Sahani, mzee!" mtoto akaita. "Sahani!"

Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa noti. Ilikuwa ya elfu kumi. Hakuwa na nyingine. Akaishika hewani akafikiri juu ya chenji, na treni iliendelea kuongeza mwendo wakati akifikiri.

"Usimpe, mzee, hiyo hairudi!" mtu mmoja akasema kutoka nyuma.

"Sahani tu!" Mtoto alikuwa akikimbia sambamba na behewa, mkono juu. "Nipe sahani, mzee! Sahani tu!"

Kisha akaachwa. Kivuli chake kikabaki kwenye changarawe, kikawa kidogo, kikapotea. Behewani watu wakacheka, na mmoja akasema mzee naye kumbe ni mjanja wa mjini. Mzee Benjamini akatabasamu kidogo kwa aibu. Akasema atailipa wakati wa kurudi, yeye si mtu wa kula jasho la mtoto. Alisema mara mbili, ili wasikie.

Akafuta sahani kwa karatasi, akaigeuza aifute na chini. Kidole chake kikagota kwenye vitundu vya msumari.

Akavipapasa tena kutoka kushoto, polepole, jinsi mtu anavyopapasa kovu lake mwenyewe gizani.

"Lukumani," alisema. "Nisomee hapa."

Lukumani akaisogeza sahani kwenye mwanga. "Imeandikwa kwa kutoboatoboa. Nya-mi-zi. Nyamizi Benjamini." Akainua macho. "Mzee, si ulisema wewe ndiye Benjamini?"

Mzee akaichukua tena sahani. Msumari ule aliuazima kwa fundi. Alikaa nao uani jioni moja, miaka miwili iliyopita, wakati macho yakiwa bado mazima, akaipigilia sahani mpya yenye ukingo wa buluu herufi moja baada ya nyingine, mtoto amechuchumaa pembeni akihesabu. Aliambiwa na Tekla kwamba shule ya Bukene inatoa uji, na kila mwanafunzi huja na sahani yake.

*

Alishuka Isaka. Lukumani alimshushia mkoba, akamkumbusha kwamba daktari anamngoja kesho saa mbili.

"Najua," mzee alisema.

Alibadili magari mara mbili, na kipande cha mwisho akapanda pikipiki, ameikumbatia sahani kifuani chini ya koti. Alifika Bukene saa kumi jioni, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

Biashara ya Tekla ilikuwa nyuma ya stesheni: kibanda cha mabati, mafiga matatu, sufuria mbili kubwa. Wasichana watatu walikuwa wakiosha vyombo kwenye beseni. Mmoja aliinuka ghafla, kisha akachutama tena, akaendelea kusugua sahani iliyokwisha takata.

"Kaka!" Tekla alitoka akipangusa mikono kwenye kanga. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyezoea kuwatuliza wateja. "Jamani kaka yangu! Mbona kimya kimya kama mtu wa kodi? Karibu, karibu kiti. We Flavia, mletee mjomba maji."

Mzee hakukaa. Aliweka sahani juu ya meza.

"Nimeleta sahani," alisema.

Tekla aliitazama. Uchangamfu ukabaki usoni lakini ukawa hauna kazi.

"Kaka, leo hakwenda kwa sababu..."

"Barua ya uhamisho iko wapi?"

"Barua gani?"

"Niliyoiandika mimi. Yenye muhuri wa shule yetu. Niliyokukabidhi mkononi, ukaipokea kwa mikono miwili."

Tekla akaingia ndani, akakaa humo muda mrefu kuliko haja, akarudi na mfuko wa nailoni. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa. "Unaona? Nimeitunza," alisema, na ilikuwa dhahiri kwamba aliona jambo hilo ni la kumtetea.

"Miaka miwili, Tekla."

"Kwani amelala njaa hapa? Amevaa uchi? Mtazame, ana mwili." Sauti ilianza kupanda. "Uliniletea mtoto na maneno, kaka. Hukuleta gunia. Nguo za shule, madaftari, michango, nani angetoa? Nikasema amalize mwezi mmoja anisaidie, nimnunulie sare. Mwezi ukazaa mwezi. Na anaweza kazi! Hakuna anayeuza kama yeye dirishani. Abiria wanampenda kwa kuwa hapigi kelele."

"Ungeniambia."

"Nikuambie wewe? Mwenyekiti?" Tekla akacheka, na safari hii alicheka kwa uchungu. "Wewe mtu anakwambia shida yake, unamtafutia kifungu cha sheria. Lakini usinitazame hivyo kama mwizi. Kila mwisho wa mwezi natuma sehemu ya mtoto. Sijaruka hata mmoja. Muulize mkeo."

Wale wasichana wakaacha kusugua.

"Nimuulize nini mke wangu?"

Tekla alitambua kuwa amesema kisichosemeka. Akageuka, akaanza kukoroga sufuria iliyokuwa haina kitu.

*

Simu iliita mara moja tu.

"Baba Eliya! Umefika Mwanza?"

"Niko Bukene."

Upande wa pili kuku walisikika, na mlango ukafungwa. Recheli alipozungumza tena, alikuwa amekaa. Mtu aliyeishi na mkewe miaka arobaini hujua sauti ya kukaa.

"Umemwona," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi ile ya kwanza. Tekla alinieleza. Nikamwambia basi aendelee mpaka mavuno. Mavuno ukayaona mwenyewe."

"Na kuwa wa nne darasani?"

"Ulikuwa unamuuliza kila Jumapili, Baba Eliya. Amekuwa wa ngapi, amekuwa wa ngapi. Ilibidi ajibu kitu. Nikamwambia asiseme wa kwanza, utaomba cheti."

"Nilitangaza mkutanoni." Mzee alishika nguzo ya kibanda. "Nilisimama mbele ya kijiji kizima, Recheli. Nikamtaja mjukuu wangu kwa jina, nikawaambia wazazi waige."

"Najua. Nilikuwepo, upande wa wanawake. Nilipiga makofi."

Mkewe akaendelea kwa haraka, kama mtu aliyeamua kumimina ndoo yote.

"Na hizo fedha za kwenye koti unafikiri zimetoka wapi? Nilikwambia nimeuza maharage. Maharage yaliliwa na wadudu tangu mwezi wa pili, niliyamwaga usiyaone. Dawa zako za presha tangu mwaka jana, ni huko. Sabuni, ni huko. Hata nauli uliyopandia. Ungenipiga marufuku, ungesema tufe na heshima yetu. Mimi sikutaka kukuongoza kwa fimbo kama kipofu wa sokoni. Basi nikanyamaza. Nitukane, lakini nenda Mwanza."

Mzee alikata simu bila kumtukana. Kama angemtukana, angalau lingekuwa jambo. Aligundua kwamba hakuwa na tusi linaloanzia kwa Recheli lisiloishia kwenye koti alilovaa yeye.

*

Nyamizi alikuwa amehamia nyuma ya kibanda, ananyonyoa kuku. Mzee akamfuata kwa harufu ya manyoya ya moto, akakaa juu ya debe.

"Mama," alisema.

"Shikamoo, babu."

Tangu aanze kuongea mtoto yule hakuwahi kumwamkia hivyo. Alikuwa akimwita mwanangu, akimfinya sikio, akimtisha kumnyima ugali. Mzee alipokea salamu ile kama inavyopokewa kwa mgeni. "Marahaba."

Manyoya yakaendelea kung'oka.

"Asubuhi pale dirishani," alisema, "ulinijua?"

"Nilikujua kwa kicheko treni ilipokuwa inasimama. Unacheka hivyo hivyo kwenye simu."

"Na hukusema."

"Bibi Recheli alisema ukijua, presha itapanda utakufa." Alisema bila kumtazama, kama anayetaja bei. "Nikakuwekea paja. Lile lilikuwa la meneja wa stesheni."

"Halafu ukakimbiza hela yako. Nilisita, mama. Nilikuwa na noti kubwa, nikasita. Hilo ni kosa langu."

Nyamizi akainua uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwenye paji la uso beseni lilikuwa limemwachia mstari uliokolea.

"Sikukimbiza hela," alisema. "Nilisema sahani. Uliposhika ile sahani ndipo nikakumbuka jina liko chini. Nikasema akiigeuza, ataisoma."

Mzee Benjamini alivua miwani yake isiyosaidia, akaifuta, akaivaa tena. Mtoto alikuwa amekimbia juu ya changarawe, miguu mitupu, ili yeye asijue. Na alipokuwa akikimbia, wao ndani walikuwa wakicheka.

Kutoka upande wa jikoni Tekla akaita, si kwa ukali, kwa mazoea tu: "Nyamizi! Muulize babu yako kama ile elfu mbili ya asubuhi analipa, nifunge hesabu."

Mzee akaingiza kucha kwenye bitana ya koti. Recheli alikuwa ameshona kwa uzi maradufu, na ilimchukua muda. Alipotoa noti, mtoto akaipokea kwa mikono miwili, akaenda, akarudi na chenji, akamhesabia kwenye kiganja mpaka ikatimia. Hakukosea hata mia.

"Kesho unarudi na mimi nyumbani," mzee alisema.

"Na macho?"

"Yatangoja."

Tekla alikuwa amesimama kwenye kona akisikiliza. "Mchukue," alisema. "Sikumfunga kamba. Lakini huko nyumbani mtakula nini, kaka? Cheo chako?"

Kilichomuuma mzee zaidi ni kwamba swali lilikuwa la haki na limetoka mdomo ule.

*

Asubuhi yake walikaa kwenye benchi la stesheni wakiingoja treni ya kwenda Tabora. Nyamizi alikuwa na kifurushi cha nguo na ile sahani. Wenzake, Flavia na yule mwingine, walikuwa wameshajipanga kando ya reli na masinia yao, wakimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeshinda kitu, au aliyefukuzwa.

Mzee alitoa bahasha ya uhamisho, akaipasua, akaikunjua barua. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Kisha akatoa ule mkebe wa hisabati, akaufungua, akampa mtoto penseli.

"Macho yangu hayafai. Utaniandikia. Andika: Kwa Mtendaji wa Kijiji."

Nyamizi aliitazama penseli kabla ya kuishika. Akaweka karatasi juu ya mkebe, akainama, akaandika polepole mno, ulimi nje, herufi zikipanda kilima. Mzee, aliyezoea kusahihisha barua za kijiji kizima, aliangalia mbele.

"Yahusu: mtoto kutopelekwa shule kwa miaka miwili."

Aliandika.

"Jina la mtoto."

Hilo aliliandika haraka.

"Jina la mzazi au mlezi aliyekosa."

Penseli ikasimama. Mbali, upande wa Isaka, honi ililia, na watoto wote pale wakainua masinia vichwani kwa pamoja. Nyamizi akanyanyuka nusu bila kujijua, mkono umeshafika kwenye kifurushi, miguu imeshageukia reli.

"Maliza kwanza, mama," mzee alisema.

Akakaa. "Niandike Bibi Tekla?"

"Hapana."

Akafikiri. Sauti ikashuka. "Bibi Recheli?"

Mzee Benjamini alimfikiria Mathias kwenye kisima kile, siku barua hii itakaposomwa: jinsi atakavyoweka ndoo chini kwanza, ili asikie vizuri.

"Andika langu," alisema.

Nyamizi alianza, akasita. Lilikuwa jina refu, na ilikuwa zamani alipoliandika mara ya mwisho. Akaipindua sahani juu ya magoti, akaweka kidole kwenye neno la pili, tundu la kwanza la msumari, akaanza kunakili.